Boksi la stereo kwa prosesa ya gita: uchambuzi wa kisa kimoja cha bendi ya dansi

## Usuli

Mhusika wa kisa hiki anapiga second solo katika bendi ya dansi jijini Dar es Salaam. Jina lake, la bendi na la ukumbi nimeyaondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Nitamwita Kaka M. Mimi ni fundi mitambo. Sifanyi kazi na bendi yake, ila tunafahamiana kwa miaka, na alinifuata mwenyewe kuomba ushauri. Sehemu kubwa ya ushauri niliompa ilisimama. Palikuwa na kosa moja, na kosa hilo limemgharimu kuliko mengine yote, ndiyo maana naandika.

Kwa asiyezoea dansi: second solo ni gita linalokaa kati ya solo na rithim. Wakongo huliita mi-solo. Kazi yake ni kujibu, kuziba mianya na kuzungusha vifungu vifupi chini ya waimbaji. Sauti yake huwa safi, yenye kolasi kidogo (sauti inayoyumba ikichanganywa na ile kavu) na mwangwi mfupi. Likizidi linawafunika waimbaji. Likipungua, rumba nzima inabaki mifupa.

Miaka mingi Kaka M. alitumia ampli ya bendi, ile aina ya spika mbili za inchi 12 ndani ya boksi moja. Maarufu zaidi katika ukoo huo ni Roland JC-120 ya mwaka 1975, yenye ampli mbili za wati 60, kila moja na spika yake, na uzito wa kilo 28 hivi. Ya bendi yake haikuwa hiyo, ila kwa uzito zilikaribiana. Ilibebwa na vijana wawili, na vijana walipokosekana aliibeba mwenyewe na mmoja wa wapiga tumba. Mgongo ukaanza kulalamika. Akanunua prosesa ya kidijiti, kitu kinachoingia kwenye begi la mgongoni, chenye ampli, spika na pedali zote za kuigiza ndani yake.

Hapo tatizo likageuka sura. Prosesa haina spika. Akawa anachomeka moja kwa moja kwenye mixa na kujisikiliza kupitia monita, spika ya jukwaani inayowarudishia wapigaji sauti yao, anayogawana na waimbaji watatu. Alinieleza hivi: "Fundi, najisikia kama redio ya jirani." Anajua inapiga, lakini haimwambii kitu.

## Alichotaka

Alitaka boksi la spika lenye umeme wake, jepesi, la stereo kwa sababu kolasi na mwangwi wake vimetengenezwa pande mbili, lenye nguvu ya kusikika mbele ya dramu na tumba, na linaloingia kwenye bajaji pamoja naye na gita. Fungu lake lilikuwa shilingi milioni tatu, ushuru ukiwemo.

Nilimuuliza ukubwa wa jukwaa, idadi ya njia za mixa, aina ya umeme wa ukumbi na ukali wa mpiga dramu. Nilijiona nimeuliza yote.

## Machaguo yaliyokuwa mezani

La kwanza lilikuwa spika mbili za plastiki za inchi 12 zenye ampli ndani, zile zinazouzwa Kariakoo kwa ajili ya harusi na mikutano. Zinapatikana leo, zina matundu yote, na bei inazungumzika. Ila kila moja ilikuwa kilo 15 na zaidi, na mbili haziingii kwenye bajaji mtu akabaki na nafasi ya kukaa.

La pili, boksi la gita la kawaida lisilo na umeme, pamoja na ampli ndogo ya stereo ya klasi D, aina nyepesi, inayowekwa sakafuni karibu na prosesa. Wapiga roki wanalipenda sana. Spika ya gita ya kweli hukata sauti za juu kuanzia karibu hezi 5,000 (mitetemo 5,000 kwa sekunde), na hilo ndilo linaloipa ule ukali mtamu. Kwa Kaka M. niliona halifai: prosesa yake ina mafaili yanayoiga spika na maikrofoni iliyosimamishwa mbele yake, na mafaili hayo ndiyo yanayokwenda kwenye mixa. Ukiyapitisha tena ndani ya spika ya gita ya kweli, unaiga spika juu ya spika.

La tatu ni boksi moja la stereo: ampli mbili, spika mbili za masafa yote (zinazotoa sauti nene hadi nyembamba bila kukata), kila moja na twita, spika ndogo ya sauti za juu, katikati ya koni yake, na sumaku za neodimi badala ya zile nzito za feraiti. Kilo 17 hivi.

La nne, boksi mbili ndogo za inchi 8, kilo 9 kila moja.

Kulikuwa na la tano lililokufa mapema. Kaka M. aliona boksi la stereo lililotumika likiuzwa Marekani kwa bei ya kutupa. Nilimwambia aombe picha ya kibandiko cha nyuma. Kikasomeka volti 120, hezi 60, basi. Sisi tuna volti 230 na hezi 50. Angelazimika kununua transfoma, na transfoma ya kubeba mzigo huo ina kilo zake. Boksi jepesi linalotembea na chuma pembeni si jepesi.

## Jaribio

Jumanne ya mazoezi niliazima spika mbili za plastiki na boksi moja dogo la inchi 8, tukapiga saa mbili.

Tulianza na wati, kwa sababu kibandiko cha spika ya plastiki kilisema 2,000 na Kaka M. alishavutika. Namba hiyo ni ya kilele, cha kufumba na kufumbua. Spika haiishi hapo. Nikamfanyia hesabu kwenye karatasi ya nyimbo. Chukua spika inayotoa desibeli 97 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Ipe wati 100, unapata 117. Rudi nyuma hadi mita nne, mahali pa wazi, zinaondoka 12, unabaki na 105. Ukiongeza wati kuwa 200 unapata 108, yaani nyongeza ya desibeli tatu tu, na ili sikio lisikie kama sauti imeongezeka maradufu unahitaji karibu desibeli kumi, ambazo ni wati mara kumi. Kwa hiyo nikamwambia asisome wati kabla hajajua boksi linatoa sauti kiasi gani kwa kila wati, na anasimama umbali gani kutoka kwake. Yeye husimama mita moja na nusu hivi. Boksi dogo la inchi 8 lilimtosha kujisikia, hata dramu ilipochemka. Lilichokosa ni kifua: nyuzi nene zilisikika bila kugusa tumbo.

Spika za plastiki zilikuwa na nguvu ya kutosha na kasoro moja niliyoitarajia. Honi yake, ile tarumbeta ya sauti za juu, ilizitupa sauti hizo mbele kwa mstari mwembamba. Akisimama katikati ya mstari, gita linamkwaruza. Akipiga hatua mbili kando, limefifia. Mpiga gita wa dansi hachezi amesimama kama mlingoti, kwa hiyo tuliziacha.

## Uamuzi na sababu zake

Tulichagua boksi moja la stereo la kilo 17. Sababu zilikuwa nne, na naziandika kama nilivyozisema siku ile.

Waya wa umeme mmoja, kitu kimoja cha kubeba, kitu kimoja cha kulinda kisiibwe. Spika za masafa yote hazitagombana na mafaili ya prosesa. Twita iliyo katikati ya koni husambaza sauti sawasawa pande zote, kwa hiyo anaweza kutembea. Na stereo ingebaki.

Ununuzi ulikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Mpwa wake alikuwa anakuja kutoka Uingereza, ambako umeme ni volti 230 na plagi ni ileile ya pini tatu za bapa tunayotumia. Kabla ya kulipa tulipima vipimo vya katoni: urefu, upana na kina vikijumlishwa vilifika sentimita 142, na uzito pamoja na katoni kilo 19.5. Mashirika mengi ya ndege hupokea begi la kilo 23 lenye jumla ya sentimita 158. Lilisafiri kama begi la pili. Risiti ilikuwa mkononi, ushuru ukalipwa, na chenji ikabaki kwenye ile milioni tatu.

## Mwezi wa kwanza jukwaani

Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya. Alinipigia simu kabla bendi haijamaliza seti ya kwanza: "Fundi, gita limevaa blanketi." Nilipofika nikakuta swichi ya nyuma ya boksi iko kwenye alama ya gita. Boksi hilo lina namna mbili: ya sauti bapa, na ya kuigiza spika ya gita kwa mtu asiyetumia mafaili. Yeye alikuwa anatumia mafaili, boksi nalo linaigiza. Spika juu ya spika, kosa lilelile nililolikimbia kwenye chaguo la pili, limeingia kwa mlango wa nyuma. Swichi moja, blanketi likavuliwa.

Likafuata tumbo la sauti. Sauti zote alizitengeneza usiku nyumbani, kwa hedifoni, watoto wamelala. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionesha tangu 1933 kwamba sikio kwenye sauti ndogo hupungukiwa besi, na sauti ikikua besi inarudi. Alichoongeza nyumbani ili kisikike vizuri kilifurika jukwaani. Sakafu nayo iliongeza yake, maana boksi likikaa chini, sauti nene hazina pa kwenda ila kurudi juu. Tulikata kila kitu chini ya hezi 100 kwenye njia ya boksi peke yake, na boksi tukaliinua juu ya kreti la bia, limeegemezwa nyuma kidogo ili limtazame usoni. Kreti hadi leo ndilo stendi.

Wiki ya pili likaja jambo zito zaidi. Fundi wa ukumbi alikuwa na njia moja tu ya mixa iliyobaki, akachukua upande wa kushoto. Mwangwi wa Kaka M. unarukaruka kushoto na kulia, kwa hiyo hadhira ikapata nusu ya jibu, kama mtu anayesikia upande mmoja wa simu. Siku iliyofuata wakaunganisha pande mbili kwa waya wa matawi mawili. Gita likakonda mpaka kiongozi wa bendi akageuka kumtazama.

Sababu ya kukonda inafaa kuelezwa. Ili kupanua sauti, alikuwa ameuchelewesha upande wa kulia kwa milisekunde 10. Ukiwa mbele ya spika mbili, sikio linaupokea ucheleweshaji huo kama upana. Ukizijumlisha pande hizo ndani ya waya mmoja, mawimbi yanayokutana kinyume yanafutana: hezi 50, 150, 250, 350, na kuendelea kila hezi mia. Hapo ndipo nyama ya gita ilipo. Hakuna kitasa cha mixa kinachoweza kurudisha kilichofutwa.

Tuliigawa njia ndani ya prosesa. Matundu ya pini tatu yanapeleka kwenye mixa sauti ya mono isiyo na ule ucheleweshaji, mwangwi ukiwa katikati. Matundu ya jeki yanapeleka stereo kamili kwenye boksi. Tukakiambia pia kitasa kikubwa cha sauti kishike jeki peke yake. Mwanzoni kilishika zote, na kila Kaka M. alipojiongeza jukwaani, hadhira nayo iliongezewa. Fundi wa ukumbi alikuwa ameshaanza kumpunguzia kwa hasira. Walikuwa kwenye vita bila kujua.

Kuhusu mvumo, nitapita haraka. Kwenye harusi moja hotelini boksi lilivuma kwa sababu mixa na prosesa vilipata umeme kutoka soketi za mbali. Mtu mmoja akaleta koleo akate pini ya ardhi. Nilikuwapo, nikamkatalia. Pini ile ndiyo inayomlinda mtu mwenye nyuzi za chuma mikononi na maikrofoni mdomoni. Tulivuta umeme wa boksi na prosesa kutoka ekstensheni moja, tukabonyeza swichi ya kukata ardhi ya sauti kwenye kisanduku cha kwenda mixa, mvumo ukaisha.

## Matokeo baada ya miezi minne

Kwa sauti, Kaka M. ameridhika. Mwimbaji anayesimama kulia kwake anasema sasa anapata ufunguo wa kuingilia bila kukisia. Monita zimepungua kelele kwa sababu gita halipiti humo tena.

Hadhira haijapata kitu kutokana na stereo. Nililipima hilo kwa njia ya kienyeji: nilisimama karibu na jiko la nyama choma, mita 20 hivi kutoka jukwaani, akawa anabadilisha stereo na mono kati ya nyimbo bila kuniambia ipi ni ipi. Sikuweza kukisia. Na masikio yangu ndiyo yanayonilisha.

Mgongo haukupona. Mwezi wa tatu akaacha kulipeleka boksi nyumbani, linalala stoo ya ukumbi. Kwenye harusi anarudi kujisikiliza kwenye monita ya waimbaji. Yaani zile kazi zenye hela nzuri zaidi, ambazo ndizo zilizomfanya atafute boksi, boksi haliendi.

## Uchambuzi

Nianze na stereo, kwa sababu hapo watu hubishana sana. Ndani ya boksi lile, katikati ya spika moja hadi nyingine ni kama sentimita 40. Kaka M. akiwa mita moja na nusu mbele, spika hizo zinafunguka kwa nyuzi 15 hivi. Studio hukaa kwenye nyuzi 60. Akirudi mita sita, zinabaki chini ya nne. Kwa upana, basi, boksi moja la stereo ni ahadi ndogo, na anayetaka gita lizunguke jukwaa zima atenganishe boksi mbili kwa mita mbili au zaidi.

Hata hivyo mtu anayesema stereo ya boksi moja ni ulaghai hajawahi kusimama karibu na ile Roland. Kolasi yake hupeleka sauti kavu kwenye spika moja na sauti inayoyumba kwenye nyingine, na mchanganyiko unafanyika hewani badala ya ndani ya waya. Hewani sikio lina mawili ya kulinganisha, na kichwa chako hakitulii mahali pamoja, kwa hiyo hakuna tundu la hezi linalokaa kimya kwa muda. Sauti inakuwa na pumzi. Hicho ndicho Kaka M. alichokikosa kwenye monita. Kwa mpiga second solo, ambaye anafanya maamuzi yake kwa kusikia mkia wa noti iliyopita, kina thamani ya pesa. Ni starehe ya mpigaji, na mpigaji mwenye raha hupiga vizuri. Sioni haja ya kuisingizia kuwa ni ya hadhira.

Kugawa njia mbili ndani ya prosesa ndilo jambo lililofanya kazi kuliko yote, na halikugharimu shilingi. Lingefanya kazi na boksi lolote kati ya yale manne. Nikikutana na kisa kama hiki tena, nitagawa njia kwanza, halafu ndipo tuongee ununuzi. Nadhani theluthi ya malalamiko yake ya awali ingeisha hapohapo.

Jaribio la Jumanne lilikuwa na dosari niliyoiona baadaye. Tulilinganisha sauti kwa makini, kisha vijana wa bendi wakabeba kila kitu. Hakuna aliyemwambia Kaka M. anyanyue. Boksi la kilo 17 lenye mpini mmoja juu na upana wa sentimita 66 linabebwa kwa mkono mmoja, mwili umepinda upande, kona zinagonga goti kila hatua. Boksi mbili za kilo 9 zina kilo moja zaidi kwa jumla, lakini zinagawanyika mikono miwili na mwili unasimama wima. Mimi nilihesabu vitu vya kubeba nikaona kimoja ni bora kuliko viwili. Bajaji ilikubaliana nami. Bajaji inaishia barabarani.

Anaishi ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Nilimuuliza hadi ukali wa mpiga dramu, sikumuuliza anakolala. Yeye naye hakusema, maana aliona ni swali la fundi wa samani, si la fundi mitambo.

Kosa hilo lilikuwa la bei gani? Boksi la inchi 8 moja amelinunua mwezi uliopita kwa fedha nyingine. Analipeleka kwenye harusi kwa priseti (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa kwenye prosesa) ya mono, amelibeba begani hadi juu. Kifua hakina, kama tulivyosikia Jumanne ile, na anaufidia upungufu huo kwa kuliegemeza ukutani, ambako ukuta unamrudishia besi kidogo. Boksi kubwa halijakaa bure: mpiga kinanda wa bendi amegundua kwamba spika zake ni za masafa yote, na kinanda chake kina stereo, kwa hiyo Alhamisi anachomeka humo. Lingekuwa boksi la spika za gita za kweli, kinanda kingesikika kama kimefungiwa kabatini.

Nilipompigia wiki iliyopita, Kaka M. alisema la inchi 8 la pili atalinunua harusi zikirudi baada ya Mfungo. Safari hii nikamuuliza yatakaa wapi mawili hayo. Uvunguni mwa kitanda, akanijibu, ameshapima.